Bunduki Niliyoipima Asubuhi

Vijana wangu, mwezi uliopita wawili kati yenu mlinikuta kibarazani kwa fundi cherehani pale Kayanga. Mlikuwa na sare mpya za mgambo ambazo bado zilikuwa na harufu ya dukani. Mkaniamkia, halafu mmoja akauliza huku anacheka, "Mzee Anselimu, eti bunduki ya vita nayo inayumbishwa na joto?" Nikajibu ndiyo, nikachukua fimbo yangu nikaondoka. Najua mlidhani nimechoshwa na maswali. Sikuchoka. Ni kwamba jibu la swali lile haliongeleki barazani. Leo niko nyumbani Mabira, mvua inapiga migomba tangu asubuhi, sina pa kwenda. Nitawajibu.

Mimi nilikuwa fundi silaha. Sikuwahi kuwa mpiga shabaha hodari, na wala sikutaka kuwa. Kazi yangu ilikuwa kuzifungua bunduki, kuzisafisha, kubadilisha kilichovunjika, na kuhakikisha kwamba mtu akilenga hapa risasi haiendi pale. Mgeni wa kazi hii hudhani bunduki ni chuma, na chuma hakibadiliki. Mtutu ukipiga risasi kumi mfululizo, huwezi kuushika kwa mkono mtupu. Unakuwa umetanuka. Haionekani kwa macho, lakini umetanuka, na kama kuna kitu kinaugusa upande mmoja, unasukumwa upande wa pili. Risasi nazo zina tabia zake. Baruti iliyoshinda juani huwaka kwa nguvu kuliko iliyoamka kwenye baridi, kwa hiyo risasi ya mchana hupanda kidogo kuliko ya alfajiri. Halafu kuna ule ubao unaoushika mtutu. Ubao ndio mkorofi kuliko wote. Ukinyeshewa unavimba, ukianikwa unajikunja, na ukijikunja unauegemea mtutu kama mlevi anavyomwegemea mwenzake njiani.

Haya yote nilifundishwa na Sajini Laurian, Mhaya wa Muleba, wakati wa vita vya Kagera. Alikuwa mtu mfupi, mwenye sauti ya chini, asiyekosa sala. Karakana yetu ilikuwa turubai lililofungwa kwenye miti mitatu. Siku moja, baada ya mvua za siku tatu, nililetewa bunduki iliyolowa hadi inatoa maji. Nikajiona nina akili, nikaiegemeza karibu na moto wa wapishi ili ikauke upesi. Jioni ubao wake ulikuwa umepinda kama kandambili iliyoachwa juani.

Sajini aliigeuza mara mbili, akaniita. "Waitu, Anselimu," akasema, maana Wahaya wakitaka kukuambia jambo zito huanza kwa upole namna hiyo, "unajua bunduki hii ilitengenezwa kabla mama yako hajaolewa?"

"Sikujua, afande."

"Basi ni mkubwa wako, na umemchoma moto. Kila asubuhi kwa wiki nzima utamwamkia."

Nikaiamkia. Kila asubuhi nilisimama mbele ya kipande kile cha chuma, nikapiga saluti, nikasema shikamoo. Wapishi wakawa wanaitikia marahaba kutoka nyuma ya sufuria. Nililia kwa hasira siku ya kwanza, siku ya nne nikaanza kucheka nao. Lakini tangu hapo sikukausha bunduki motoni tena.

Sajini alinifundisha jambo jingine. Alichana ukurasa wa daftari, akaupitisha kati ya ubao na mtutu, kutoka mbele mpaka nyuma. "Karatasi ikikwama," akasema, "hapo ubao unagusa. Asubuhi hutaona kitu. Subiri mtutu upate moto. Ukiipima bunduki asubuhi peke yake, umeipima nusu." Akanionyesha kwa vitendo. Risasi tano asubuhi, risasi tano mchana baada ya mtutu kuchemka, karatasi mbili za shabaha juu ya meza, na matundu hayakukaa mahali pamoja. Sajini hakurudi Muleba. Kombora liliangukia lori alilopanda, upande wa pili wa mpaka, wakati sisi wengine tukiwa nyuma tunafungasha vifaa. Sikupata nafasi ya kumwambia asante.

Vita vilipokwisha nilirudishwa huku kwetu kutunza silaha za mgambo. Ghala letu Kayanga lilikuwa chumba kimoja chenye rafu za mbao na kufuli mbili. Bunduki nyingi zilikuwa zile za Kiingereza za zamani, za kukoki risasi moja moja, tulizoziita Maki Foo. Mnaijua hali ya hewa ya huku. Asubuhi juu ya vilima unavaa koti na hata ng'ombe humwoni kwa ukungu. Saa saba mchana, ukishuka mabondeni kuelekea mtoni, jua linakuunguza utosi. Bunduki moja inaamka kwenye koti na kushinda kwenye tanuri. Huwezi kuipa shabaha moja ukalala.

Miaka ile baada ya vita silaha zilikuwa zimezagaa mikononi mwa watu wasiojulikana. Wezi wa mifugo walikuja kwa makundi, wakaswaga ng'ombe hadi mtoni, wakavuka nao. Kijiji cha Kimuli kiliumizwa sana. Mgambo wa kule walikuwa wakulima tu, watu wa kahawa na maharage, lakini kati yao alikuwepo Karoli.

Wazazi wa Karoli walitoka Rwanda kuja kutafuta vibarua, wakapata shamba, wakabaki. Yeye alizaliwa Kimuli. Alikuwa mpole, mwimbaji wa sauti ya nne kanisani, na alikuwa na mkono ambao sijauona kwa mtu mwingine. Akivuta pumzi na kuishika, unaweza kuondoka ukaenda kutazama karatasi ya shabaha kabla hajafyatua, maana unajua risasi imekwenda wapi. Mkewe aliitwa Veronika. Kaka yake Veronika, Damiani, ndiye aliyechunga ng'ombe wa familia yao, mtu mzima mwenye ndevu na maneno makali. Karoli na Damiani waliwahi kugombana kwenye harusi, mbele ya watu wote, kwa sababu ya mstari wa migomba uliokuwa mpakani. Walikunywa rubisi, ile pombe ya ndizi, wakatukanana, wakatenganishwa. Kesho yake waliombana radhi. Lakini watu walikumbuka ugomvi, radhi hawakuikumbuka.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo kosa langu lilipo.

Bunduki aliyopewa Karoli ilianguka kutoka kwenye baiskeli, ubao wa mbele ukapasuka. Vipuri havikuwepo. Nikachonga ubao mwingine kwa mti wa musizi. Mti ule ulikuwa umekatwa karibuni, ulihitaji kukaa kivulini miezi kadhaa. Lakini Kimuli walikuwa wameibiwa tena, katibu wao alikuja ghalani mara mbili kwa wiki, anagonga meza. "Watu wetu wanasimama na mapanga, wewe umekaa unasubiri kuni zikauke?" Nikauchonga ukiwa mbichi. Ulikaa vizuri sana, nikaupaka mafuta ukang'aa. Nikapitisha karatasi. Ikapita, ikapita, ikafika mahali fulani upande wa kulia ikakwama. Nikaivuta kwa nguvu ikachanika. Nikajiambia nitapakwangua wiki ijayo.

Asubuhi iliyofuata, ukungu haujainuka, nilikwenda kilimani nikapiga risasi tano, taratibu, nikiacha mtutu upoe kila mara. Matundu yote matano ungeyafunika kwa kisahani cha chai. Nikarudi nikaandika kwenye daftari: *Imepimwa baridi na joto. Iko sawa.* Nikatia sahihi. Mchana sikuipima kabisa.

Kiangazi kilikuwa kinaishia. Wezi walikuja Kimuli mchana kweupe, wakachukua ng'ombe wa kina Veronika, na kwa kuwa hawa hawakuijua njia ya kuvusha ng'ombe mtoni, walimfunga Damiani kamba mikononi wakamswaga naye awaonyeshe. Mgambo wakakimbia kwa njia ya mkato, wakawatangulia, wakalala juu ya mwinuko unaotazama mto. Hakukuwa na kivuli. Karoli alilala na bunduki yake juani zaidi ya saa nzima, risasi zikiwa kwenye mkanda kifuani.

Waliyonisimulia ni haya. Ng'ombe walipotokea, Karoli aliagizwa apige chini mbele yao ili wageuke. Akapiga risasi kumi, kumi na mbili, haraka haraka. Ng'ombe wakageuka. Wezi wakaanza kujibu. Mgambo mmoja, kijana wa ndoa changa, akapigwa bega, akaanguka mahali pa wazi. Mwizi mmoja akasimama, akamlenga ammalizie. Ukitazama kutoka alipolala Karoli, Damiani alikuwa kushoto kwa mwizi yule, kamba ikiwa imemshika hawezi kwenda mbali, kama mtu na mwenzake wanaoongozana njiani. Umbali ulikuwa hatua mia mbili na zaidi. Karoli akavuta pumzi, akaishika, akafyatua.

Damiani akapiga magoti.

Wezi wakakata kamba wakaruka mtoni, wakamwacha Damiani amekufa. Kijana aliyepigwa bega alipona. Ng'ombe wote walirudi nyumbani bila kuswagwa na mtu, wakaingia zizini wenyewe jua likiwa bado juu, na ndivyo mama yake Damiani alivyojua kwamba kuna jambo, maana walifika bila mwanawe.

Mnadhani watu walisema ilikuwa ajali? Kwa mpiga shabaha mwingine wangesema hivyo. Lakini ndugu wa Damiani walisema maneno matatu tu, na kila aliyemjua Karoli alijua ni kweli. "Karoli huwa hakosi." Wakakumbusha harusi, wakakumbusha mstari wa migomba. Karoli akakamatwa, akaletwa Kayanga, akawekwa mahabusu.

Ofisa aliyepewa kazi ya kuchunguza alikuja ghalani na bunduki mkononi. Alikuwa mtu wa haki, asiye na maneno mengi. Akafungua daftari langu, akasoma. "Fundi, umeandika imepimwa baridi na joto."

"Ndiyo, afande."

"Tuipime tena mbele yangu. Saa ngapi inakufaa?"

Vijana, ofisa yule hakunilazimisha saa. Aliniachia nichague. Nikasema, "Asubuhi, afande. Asubuhi upepo umetulia."

Tukaenda asubuhi. Nikapiga tano, nikiacha mtutu upoe. Matundu yakakaa pamoja tena, katikati kabisa. Ofisa akaitoa karatasi ubaoni, akaikunja, akaitia mfukoni. "Kwa hiyo bunduki haina kosa," akasema.

Nikasema, "Haina."

Wiki ile nilikwenda kumwona Karoli, nikampelekea ndizi za kupikwa na maharage. Alikuwa amekonda mashavuni. Hakula. Alishika bakuli mikononi, akaniangalia kama mgonjwa anavyomwangalia daktari.

"Afande Anselimu," akasema, "nililenga kifua cha yule mwizi. Nimekaa humu nikirudia kila kitu. Pumzi yangu ilikuwa sawa, kidole changu kilikuwa sawa. Wewe unaijua bunduki ile kuliko mimi. Niambie nilikosea wapi."

"Sijui, Karoli."

"Pengine mkono ulinitetemeka, sikuhisi?"

"Pengine."

"Basi nitakubali kwamba ulitetemeka," akasema. "Lakini Veronika haji kuniona. Ukimwona, mwambie mkono ulitetemeka. Asidhani nilitaka."

Nilimwahidi nitamwambia. Sikuenda.

Wiki tatu zilipita hivyo. Kwenye wiki ya tatu mama yao Veronika na Damiani, ambaye alikuwa ameacha kula tangu siku wale ng'ombe waliporudi peke yao, akafariki. Nilikwenda msibani. Nilichota maji, nilibeba kuni, nilichimba kaburi na wanaume wengine mpaka mikono ikatoka malengelenge. Watu wakanisifu. Nikarudi Kayanga nikiwa na tope la Kimuli kwenye viatu.

Kesho yake mchana nilijifungia ghalani, nikaifungua bunduki ile. Ndani ya ubao, upande wa kulia, palikuwa na alama iliyoungua, ukubwa wa kucha. Pale ndipo mtutu ulipokuwa ukijisugua. Patasi ilikuwa mezani. Kukwangua alama ile ni kazi ya dakika moja, na nikishaikwangua hakuna mtu duniani angejua. Niliishika patasi. Nilikwisha kuiweka juu ya ubao. Siwezi kuwaambia kwamba nilisikia sauti ya Mungu, maana sikusikia kitu. Nilichofikiria ni Karoli kukubali kwamba mkono wake ulitetemeka. Mkono ule. Alikuwa anaanza kuamini, na mimi ndiye niliyemfundisha kuamini. Nikaweka patasi chini, nikafunga kufuli zote mbili, nikaenda ofisini.

"Afande, bunduki ile haijawahi kupimwa na joto. Niliandika uongo. Na siku ile nilichagua asubuhi kwa makusudi."

Ofisa akatazama saa yake. "Sasa hivi ni saa saba kasoro," akasema. "Twende."

Tukailaza bunduki juani pamoja na risasi zake kwa saa nzima. Nikapiga kumi na tano haraka kwenye kichuguu mpaka hewa juu ya mtutu ikawa inacheza. Halafu nikageukia karatasi, hatua mia moja, nikapiga tano, nikilenga katikati kama nilivyolenga asubuhi ile. Tulipofika kwenye karatasi, katikati palikuwa peupe. Matundu yalikuwa yameondoka yote pamoja kama familia iliyohama, yamekwenda kushoto na juu kidogo, shibiri moja na nusu. Ofisa alipima kwa mkono wake mwenyewe, halafu akasema kwa sauti ya chini, "Na yeye alikuwa hatua mia mbili."

"Na zaidi, afande. Inazidi mara mbili."

Akanyoosha mikono kupima, akatazama nafasi iliyokuwa kati ya viganja vyake. Ilikuwa nafasi kati ya mtu na mwenzake wanaoongozana njiani.

Karoli akaachiwa. Mimi nilishtakiwa kwa maandishi ya uongo, nikafungwa miezi michache, na nilistahili zaidi. Baadaye walinirudisha ghalani, siyo kwa kunisamehe ila kwa sababu fundi mwingine hakuwepo. Nikafanya kazi mpaka miaka ya tisini nilipostaafu, na katika miaka hiyo yote hakuna bunduki iliyotoka mikononi mwangu bila kupigwa asubuhi na kupigwa tena mchana, kwa jua kali, hata kama kuna katibu anagonga meza. Nanyi fanyeni hivyo. Ubao ukaushwe kivulini, polepole. Risasi zisikae juani. Mtutu ukichemka, jueni kwamba mnashika bunduki nyingine. Na daftarini andikeni mlichokifanya. Kama hamkufanya, andikeni kwamba hamkufanya.

Nilipotoka kifungoni, Veronika alikuja kwangu Mabira kwa miguu, mwendo wa nusu siku. Akapiga magoti kidogo kama wanawake wa huku wanavyofanya, akasema, "Shikamoo." Hata siku ile aliniamkia. Nikampa kigoda. Nikaanza kuomba msamaha, akainua mkono nikanyamaza.

"Sikuja kwa ajili ya hilo," akasema. "Nimekuja kukuuliza. Siku mama anakufa, ulikuwa umeshajua?"

"Nilikuwa najua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayehesabu jambo akilini. "Mama aliniapisha," akasema. "Alinishika mkono, akaniambia, 'Apa kwamba hutarudi kulala kwenye nyumba ya aliyemuua kaka yako.' Nikaapa. Akafa ameushika mkono wangu. Sasa wanasema Karoli hana kosa. Nimekwenda kwa padri, amesema niko huru. Lakini aliyeniapisha siye padri. Nani wa kunifungua?"

Akamaliza maji niliyompa, akaaga.

Hakurudi kwa Karoli. Alijenga kwa ndugu zake, ng'ambo ya bonde, nyumba zao zikawa zinatazamana. Watoto wao walivuka bonde asubuhi na jioni. Mavuno ya maharage yakiwa mazuri, Veronika alimpelekea kikapu, akakiacha mlangoni. Karoli alimtengenezea paa lilipovuja, Veronika akiwa shambani. Hakushika bunduki tena wala hakuimba tena kanisani. Kwangu hakuwahi kusema neno baya. Tukikutana sokoni alinipa mkono, mkono mkavu uliotulia kabisa.

Aliugua kifua, akafariki mwishoni mwa miaka ile ya tisini. Nilikwenda Kimuli kuzika. Wanawake walikuwa wamejaa ndani, na kwenye mkeka wa mbele, mahali pa mjane, anapokaa na kulala siku zote za matanga, palikuwa patupu. Dada zake Karoli wakamwita Veronika, wakamvuta mkono aje akae. Akawashukuru, akakataa. Akabaki amekaa karibu na mlango, kati ya majirani.